Nyuki Asiyeondoka

Ukitaka kumwona buibui kaa, usimtafute buibui. Utatoa macho mpaka yaume na hutamwona. Mtafute nyuki. Nyuki mzima hana utulivu: anaingia kwenye ua la pamba, anajipaka unga, anatoka, anahamia la jirani. Sasa wewe pita polepole kwenye mstari. Ukimkuta nyuki ametulia, kalala ubavu kama mlevi, hata ukimpuliza haondoki, sogea karibu. Chini yake yumo mtu. Mweupe ndani ya ua jeupe, miguu minne ya mbele mirefu kaikunjua, kamshika nyuki shingoni na anamfyonza taratibu. Akimaliza anamwachia, nyuki anaanguka chini akiwa na mabawa yake yote na miguu yake yote, kasoro uhai.

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha mjukuu wangu Hyasinta alipokuwa na miaka mitano, na aliijua kazi hiyo kuliko vijana wawili tulioletewa na serikali kutoka chuoni. Sijisifu. Ama tuseme najisifu kidogo, maana siku hizi sina mtu mwingine wa kunisifu.

Mimi ni Pelagia, mjane wa Wanzagi. Nilizaliwa upande wa Butiama nikaolewa huku Bunda, na kwa miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kuhesabu wadudu. Msicheke. Kulikuwa na kituo kidogo cha majaribio ya pamba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, na kila Jumatatu na Alhamisi tulipita shambani na daftari na penseli, miche thelathini kwa kila kipande: funza wangapi, vidukari wangapi, buibui wangapi. Mkuu wetu, Bwana Enoka, alikuwa na amri moja tu, na aliisema kila asubuhi kama sala ya Baba Yetu. "Mhesabu hana mdomo wala mkono. Angalia, andika, pita. Ukimgusa mdudu, ukimfukuza, ukimwonea huruma, hesabu imekufa."

Niliishika amri hiyo. Nimewahi kumwona buibui kaa mweupe amebaki kwenye ua lililokwisha kugeuka rangi, maana ua la pamba huwa jeupe siku moja tu, kesho yake linakuwa jekundu na keshokutwa linaanguka. Wenzake wote walikwisha kuhama jioni ile, yeye kachelewa, kabaki juu ya wekundu anaonekana hata na kipofu. Nyigu akaja. Ningeweza kumpunga na daftari. Niliangalia, nikaandika, nikapita.

Miaka ya foleni kazi haikusimama. Sabuni hakuna, sukari kwa kadi ya kaya, dawa ya kupulizia pamba hakuna, dizeli ya trekta hakuna, lakini kuhesabu kunataka macho tu. Karatasi zilipokwisha tuliandika nyuma ya mifuko ya saruji. Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Maduka ya Bunda yakajaa vitenge, redio, mafuta ya kupaka ya kila harufu, na mwaka tisini na tatu tukaitwa ofisini tukaambiwa kituo kinafungwa na sisi tumepunguzwa. Wakati dukani hakuna kitu nilikuwa na kazi. Vitu vilipojaa, kazi ikaondoka. Mwenye akili anieleze.

Mimi nilirudi kwenye heka zangu mbili za pamba nikaendelea kuhesabu. Jumatatu na Alhamisi. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyesoma daftari. Mkono ulikuwa umezoea, basi.

Sasa nieleze habari ya Boke, maana ndiyo ninayoizunguka.

Kwetu mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, na mume akafa, haachi nyumba yake izimike. Anatoa ng'ombe anaoa. Ndiyo, anaoa mke. Mke huyo anazaa na mwanaume amtakaye, lakini watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, wanabeba jina la marehemu, na bibi mwenye nyumba ndiye mwenye sauti. Tunaiita nyumba ntobhu. Padri hapendi kuisikia, ukianza kuieleza anakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumpaka mafuta. Wanzagi alifariki mwaka wa vita. Mwaka themanini na saba nikapeleka ng'ombe wanane upande wa Tarime, nikamleta Boke, binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye mikono ya kazi na kicheko cha kuamsha kuku. Aliniita mama. Baada ya miaka miwili akazaliwa Hyasinta, na kwenye kadi ya kliniki, mahali pa baba, nesi aliandika Wanzagi, ambaye alikuwa kaburini miaka kumi.

Baba wa damu alikuwa Silasi, utingo wa lori la pamba. Alipita kwetu kila msimu, baadaye akapita bila msimu. Ningefurahi kama angekuwa mlevi au mkorofi, ningekuwa na la kusema. Alikuwa kijana wa heshima. Alinichotea maji bila kuombwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa Musoma alipata kazi huko, akapanga chumba mtaa wa Kitaji, akaanza kuja kwetu Jumapili amevaa shati lililopigwa pasi.

Mwaka tisini na tano, pamba ilipokuwa katikati ya maua, niliona sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati la Boke, alilokuja nalo kutoka kwao, na miaka yote hiyo lilikaa chini ya kitanda chake, limeegemea ukuta. Jumatatu moja nikifagia nililikuta limetoka, liko pembeni ya kitanda. Sikuuliza. Nilipokwenda shamba, mkono wangu ukaandika wenyewe chini ya hesabu: funza 4, vidukari wengi, buibui kaa 11. Sanduku limetoka.

Alhamisi likawa katikati ya chumba. Wiki iliyofuata khanga zake zote zilikuwa zimefuliwa, zimekunjwa, zimepangwa juu yake. Halafu Silasi akaleta viatu vyeusi vya shule, Hyasinta akawa anavivaa jioni na kutembea navyo uani kama askari. Halafu sanduku likasogea karibu na mlango. Yote niliyaandika. Ninalo daftari hilo mpaka leo na ukilisoma utadhani sanduku ni mdudu mmojawapo wa pamba.

Boke naye akawa na tabia mpya. Tukikaa kula, anaanza neno halafu analiacha njiani.

"Mama, Silasi anasemaga Musoma kuna shule nzuri, mtoto asitembee mbali."

"Eeh," nasema.

Ananiangalia. Mimi namega tonge.

"Anasema kule mtu anaweza kuuzaga hata mandazi tu akaishi."

"Eeh."

Tunasikia kuku wakipanda darini kulala.

Mtu ataniuliza: ulikuwa na mdomo, kwa nini hukuutumia? Nina majibu mawili na yote ni ya kweli. La kwanza ni kwamba buibui kaa hafumi wavu. Hana mtego, hana mbio. Silaha yake ni moja, kutotikisika. Anakaa kwenye ua siku nzima mikono wazi, na kinachokuja ni chake. Miaka ishirini nimeangalia ukimya ukishinda, nikadhani na mimi nitashinda. Nilisema moyoni: ukimgusa utamfukuza. Kaa kimya, ataona mwenyewe kwamba hapa ni kwao.

La pili ni kwamba niliogopa. Nikisema usiende, na yeye akaenda, nitabaki na nini? Afadhali aondoke kabla sijaomba.

Mwezi huohuo, kwenye mstari wa nne karibu na kichuguu, buibui kaa mmoja, jike, alikuwa amekunja jani la pamba akalishona kwa uzi wake, ndani kaweka mayai. Akakaa juu ya jani hilo. Dume lao ni kitu kidogo sana, hupanda mgongoni mwa jike akatembezwa kama mtoto, kisha humwoni tena. Jike ndiye anayebaki. Akishaweka mayai hawindi tena. Nyuki wanapita puani kwake na hanyooshi mguu. Hyasinta alikuwa akinifuata kila jioni kwenda kumwangalia, na viatu vyake vya shule mkononi ili visiingie vumbi.

"Bibi, leo amekula?"

"Hajala."

"Kwa nini hali?"

"Analinda watoto."

"Anawalinda na nani?"

"Na siafu. Na nyigu. Na wewe mwenye vidole virefu."

"Mimi simgusi," alisema kwa hasira. "Mhesabu hana mkono."

Nilicheka siku ile. Tumbo la yule buibui lilikuwa nene kama punje ya mahindi alipoanza kulinda. Baada ya wiki mbili lilikuwa limekunjamana, na bado akisikia mtikisiko wa mche alinyanyua miguu yake ya mbele kama mtu wa kupigana.

Waliondoka Alhamisi. Ningependa ingekuwa siku nyingine, lakini ilikuwa Alhamisi, na nilikuwa uani nachonga penseli. Silasi alikuja na baiskeli, akanisalimia "Shikamoo mama" bila kuniangalia machoni, akafunga sanduku kwenye keria kwa mpira. Boke akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipiga magoti mbele yangu kama siku niliyomleta.

"Mama, tunaondoka."

"Eeh."

"Una neno?"

Nilikuwa na neno. Lilikuwa limejaa kifuani. Niliangalia penseli. Nikasema, "Mwende salama."

Hakunyanyuka mara moja. Alibaki pale chini, magoti kwenye vumbi, labda kwa muda wa kusema Salamu Maria nzima. Halafu akainuka, akajipangusa, akaenda. Hyasinta alirudi mbio kutoka barabarani, viatu vikigonga.

"Bibi, na wewe utakuja kesho?"

"Nina hesabu," nilisema.

Nikaenda shamba. Nikaandika: funza 2, buibui kaa 9. Mstari wa nne sikufika.

Sitaki kueleza sana wiki zilizofuata. Nyumba ya watu watatu ikibaki na mmoja haipungui, inakua. Nilipika ugali wa sufuria ileile, kwa kipimo kilekile, nikala theluthi, unaobaki nikawapa kuku mpaka wakaanza kunitazama kwa dharau. Betri za redio zilikwisha nikaona uvivu kwenda kununua nyingine. Ilipita siku ya tatu, ya nne, nikagundua kwamba sijasema neno lolote kwa sauti tangu Jumapili kanisani. Nilijaribu kusema "Pelagia" nione kama sauti ipo. Ilikuwepo, lakini ilitoka kama ya mtu anayeamka. Nikaacha hata kuhesabu. Jumatatu ilikuja ikapita kama siku ya mtu mwingine.

Shemeji yangu Mseti, mdogo wake Wanzagi, ndiye aliyekuja na habari kamili ya mila. Alikaa kwenye kigoda, akaweka fimbo yake magotini.

"Shemeji, unangoja nini? Mtoto ni wa Wanzagi. Ng'ombe wanane walivuka mto, siyo wa kuchora. Nakupa vijana wawili, twende Musoma, tumchukue. Boke akitaka abaki na mwanaume wake, abaki. Mtoto anarudi kwenye nyumba."

"Na akilia?"

"Watoto wanaliaga. Ananyamaza."

Mwaka huo watu wengi walikwisha kuanza kusema mila hizi ni za zamani, lakini Mseti hakuwa akidanganya. Wazee wangenisimamia. Nilimwambia nitakwenda, ila peke yangu, sitaki vijana wa kufanya fujo. Na nisiwafiche: sikwenda kusalimia. Usiku ule wa kuamkia safari nilifunua Biblia yangu nichukue akiba ya nauli, nikakuta kadi ya kliniki ya Hyasinta. Boke alikuwa ameisahau. Jina la mtoto, Hyasinta Wanzagi, limeandikwa kwa wino wa bluu na nesi wa serikali, na muhuri juu. Nikasema, Mungu amenipa shahidi. Nikaifunga kwenye pindo la khanga, na kwenye kikapu nikaweka gauni la mtoto la kubadilisha njiani wakati wa kurudi.

Nilifika Musoma saa nne asubuhi. Kitaji sikuijua, niliulizauliza mpaka nikaonyeshwa nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, milango sita ya kijani inaangalia barabara. Mlango wa nne ulikuwa na meza nje, na juu ya meza beseni la mandazi limefunikwa kitambaa ninachokijua, maana nilikidarizi mimi.

Nikasimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha fundi cherehani ambacho hakikufunguliwa siku hiyo.

Nilikuwa nimepanga kuvuka. Nilikuwa na maneno ya Mseti yote kichwani, na kadi kwenye khanga. Boke akatoka na sufuria, akauza mandazi mawili kwa mwanamke mwenye ndoo ya dagaa, akacheka. Kicheko kilekile. Akaingia ndani. Nikasema, akitoka tena nitavuka. Akatoka tena. Niliona kwa namna alivyoshika kiuno kwamba ana mimba, ya miezi mitatu hivi, minne. Nikahesabu nyuma. Alikuwa nayo alipopiga magoti uani kwangu. Nilikuwa nimeandika viatu, khanga na sanduku, na hilo sikuliona.

Sikuvuka. Watu walipita: wa baiskeli za samaki, wanafunzi, akina mama wanaokwenda soko la Mukendo na vikapu, muuza mitumba na suruali kumi begani. Barabara yote ilikuwa inatembea. Mimi nilisimama, kikapu mkononi, saa nzima, kisha nyingine. Jua likanifuata kibandani likanikuta.

Halafu nikamwona Hyasinta mlangoni. Alikuwa amekaa kizingitini anakula ndazi na kuangalia barabara, na niliona macho yake yanavyokwenda. Hayakumfuata yeyote aliyepita. Yalikuja polepole, kama nilivyomfundisha kupita mstarini, yakavuka watu wote wanaokwenda yakasimama kwangu.

"Mama!" aliita ndani bila kuniondolea macho. "Mama, njoo, kuna mtu haondoki!"

Boke akatoka akipangusa mikono. Akaangalia kidole cha mtoto kinaelekea wapi. Hakushtuka, hakumvuta mtoto ndani. Alivuka barabara akaja mpaka mbele yangu akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Khanga yako imelowa jasho mgongo wote," alisema. "Umekuja kumchukua mtoto?"

Nilifungua pindo nikatoa kadi. Nilidhani nitaitoa kama hati. Nikampa tu. "Ulisahau hii," nilisema.

Boke aliichukua, akaigeuza, akatabasamu kidogo, tabasamu la kuumiza.

"Sikusahau. Niliiweka kwenye Biblia asubuhi ile ile, wewe ukiwa unachonga penseli yako. Nikasema, ataikuta. Hataacha kuileta. Na akiileta atakuwa na neno. Nimengoja wiki sita, mama."

"Niliona unafunga," nilisema. "Niliona tangu mwanzo. Sanduku lilipotoka chini ya kitanda—"

"Nani alilitoa?"

Nilihamishia kikapu mkono wa pili.

"Nililitoa mimi ili ulione. Ukalifagia pembeni. Nikalisogeza katikati. Ukaliruka. Khanga nilizifua zile zile mara mbili, mama, nikazipanga juu ili uulize, Boke, unakwenda wapi. Kila jioni namwambiaga Silasi, ngoja, kesho atasema. Akisema nisiende siendi, nawe Silasi utakuja Jumapili kama siku zote. Silasi alikubali. Nikalifikisha mlangoni. Ningelifikisha wapi tena?"

Watu walikuwa wanapita na kutuangalia. Nilitaka kumweleza habari ya Bwana Enoka, kwamba mhesabu hana mdomo, kwamba nilidhani anayetikisika ndiye anayepoteza. Yalikuwa maelezo mazuri na hayakuwa na kazi.

"Niliogopa," nilisema.

"Kuogopa nini?"

"Kwamba nitakuomba halafu uende."

Boke akaangalia chini, kwenye kikapu, akaliona gauni la mtoto limekunjwa. Alielewa ni la nini. Hakukasirika.

"Shule nimemwandikisha Hyasinta Wanzagi," alisema. "Silasi hakupenda, nikamwambia ndilo jina lake. Nyumba yako haizimiki, mama. Hilo usihangaike nalo. Ila mimi kurudi sasa siwezi. Tumbo hili, na kazi ya Silasi, na chumba tumelipia. Wakati ule ningeweza. Sasa siwezi."

"Najua."

"Lakini liseme."

"Niseme nini?"

"Lile neno. Limechelewa, halina kazi, lakini nataka nilisikie. Nilipiga magoti mpaka yakauma."

Mchana kweupe, ng'ambo ya barabara Kitaji, mbele ya muuza mitumba na suruali zake kumi, mimi Pelagia mwenye miaka hamsini na tisa nilifungua mdomo. Lilitoka dogo kuliko nilivyodhani.

"Usiende, Boke," nilisema. "Msiniache."

Akalia. Mimi pia. Hyasinta alivuka barabara bila kuangalia baiskeli, tukamgombeza wote wawili kwa pamoja, na hiyo ilitusaidia.

Nilikula kwao. Samaki mgongo wazi, kichwa na mifupa, maana nyama ya sangara yote hupanda ndege kwenda Ulaya na sisi wenye ziwa tunabaki na kilichoiunganisha. Nililalamika, Boke akacheka, akasema hata ningeila hiyo minofu huko Ulaya ningeona wamekosea kuipika. Silasi alirudi saa tisa, akanikuta kwenye kiti chake, akasema nisiinuke. Gauni nililiacha. Walinisihi nilale, nikasema nina kuku. Boke hakunibishia. Labda na yeye alikuwa amechoka kuomba.

Hyasinta alinisindikiza mpaka stendi, kanishika kidole.

"Bibi, yule mama wa kwenye jani, watoto wake wametoka?"

"Bado sijaangalia."

"Wiki sita zote?" Alisimama katikati ya njia. "Bibi! Hesabu imekufa."

"Imekufa," nilikubali.

Aliahidi kuja likizo ya Juni kunisaidia kuvuna. Alikuja, na amekuwa akija likizo nyingi, ingawa sasa ana wadogo zake wa kuwaangalia na siku zinapungua. Boke huja Krismasi. Ni watu wazuri. Wanakuja na wanaondoka.

Asubuhi baada ya safari ile nilikwenda mstari wa nne. Jani bado lilikuwa limekunjwa, limekauka, pembeni lina tundu dogo kama la sindano. Watoto wake walikwisha kutoka zamani. Huwa wanapanda kwenye ncha ya mche, kila mmoja anatoa uzi wake mwembamba, upepo unamchukua, na hakuna anayebaki. Yeye mwenyewe alikuwa bado yuko juu ya jani, mwepesi kama pumba, miguu minane yote imelishikilia. Alikuwa amekufa siku nyingi na alikuwa hajaachia.

Sikuchukua penseli. Nilichuchumaa, nikamgusa kwa kidole, ndiyo, nilimgusa, nikambandua mguu mmoja mmoja.

"Wameshaondoka," nilimwambia kwa sauti. "Wote, salama."

Halafu nikarudi nyumbani kupika ugali wa mtu mmoja, ambao mpaka leo sijaujulia kipimo.